Britta Heidemann hakuiba ile sekunde

Juzi tena. Nimetoka kumfundisha kijana namna ya kushika epee, upanga wa mchezo wa kuchomana, mama yake akaniuliza: "Mwalimu, si ndio huu mchezo ambao Mjerumani aliiba sekunde?" Wazazi wengi wanaoniletea watoto wamevutwa na Alexandra Ndolo, aliyeipatia Ujerumani medali ya fedha ya ubingwa wa dunia Cairo 2022 kisha akahamia kuchezea Kenya. Lakini wakifungua simu kutafuta epee, wanakutana na video ya Olimpiki ya London 2012, na hukumu wameshaitoa kabla hawajafika kwangu. Nimechoka kulijibu swali hili nikiwa mlangoni na barakoa mkononi, kwa hiyo naandika.

Huyo Mjerumani ana jina: Britta Heidemann, wa Köln, aliyepitia pentathlon, mashindano ya michezo mitano, kabla ya kubaki na epee peke yake. Medali ya fedha ya timu Olimpiki ya Athens 2004, ubingwa wa dunia 2007, dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, ubingwa wa Ulaya 2009. Beijing aliongea na waandishi kwa Kichina, maana chuo kikuu alisomea mambo ya China. Nayapita haraka kwa sababu hakuna anayeniuliza hayo.

Wanauliza sekunde. Nusu fainali dhidi ya Shin A-lam wa Korea Kusini, muda umekwisha 5–5. Inaongezwa dakika moja, na kura ya kipaumbele inamwangukia Shin: dakika ikiisha bila mguso, Shin anaingia fainali. Basi Heidemann hana budi kushambulia, na Shin anachotaka ni muda uishe. Kila mchezaji ana taa inayowaka akimgusa mwenzake; zikiwaka zote mbili katika dakika hiyo, hakuna anayepata kitu. Wanarudi mahali pao na kuendelea na muda uliobaki. Kwenye epee taa mbili huwaka mara nyingi, kwa sababu mashine inahesabu miguso yote miwili ikiwa imepishana kwa takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde.

Ikabaki sekunde moja. Heidemann akaruka, taa mbili. Akaruka tena, taa mbili. Saa bado inasema moja.

Hapa ndipo watu wanapopiga kelele, na hapa ndipo nawaomba watulie. Saa ile haikuonyesha vipande vya sekunde. "1" ingeweza kuwa sekunde kamili, ingeweza kuwa kipande kidogo tu. Wapinzani walio karibu hivyo wanahitaji chini ya nusu sekunde kuchomana, na mwamuzi akisimamisha, saa nayo inasimama. Tena iliwashwa na kidole cha binadamu, kikisubiri sikio lisikie amri. Halafu ikafika sifuri kimakosa, ikarudishwa kwenye sekunde moja. Kanuni inampa mwamuzi mamlaka ya kukadiria muda pale saa au mtunza muda anapokosea. Kukadiria, si kupima.

Heidemann hakuigusa saa hiyo. Alisikia amri ya kuanza, akashambulia, ikawaka taa yake peke yake: 6–5. Alitakiwa afanye nini, ashushe upanga?

Sasa jambo ambalo kozi za waamuzi hulipita kimya kimya. Nimewahi kuikamata rimoti ya saa hiyo, najua kidole kinavyochelewa. Nikijumlisha mashambulizi yote yale, siamini kwamba yanaenea ndani ya sekunde moja. Kanuni ilifuatwa, na Shin akaonewa. Nimejaribu miaka mingi kuyapatanisha hayo mawili, hayakubali. Shin alikaa kwenye pisti, yaani uwanja mwembamba wa pambano, takriban saa nzima akilia huku rufaa ikisikilizwa. Ikakataliwa, kisha akaingizwa kupigania shaba na Sun Yujie wa China, akashindwa. Sioni haki yoyote hapo. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha na timu yake. Heidemann naye alifungwa fainali 9–8 na Yana Shemyakina wa Ukraine, na jina la mwizi likamfuata mpaka mlangoni kwangu.

Siku hizi saa huonyesha sehemu za mia katika sekunde kumi za mwisho. Shin aliihitaji saa hiyo tarehe 30 Julai 2012. Heidemann aliihitaji vilevile.