Parachuti ndogo ya tandem si ya akiba

Kuruka tandem ni watu wawili kuruka kutoka kwenye ndege wakiwa wamefungwa pamoja: mgeni mbele, mkufunzi nyuma yake, na begi moja tu la parachuti, lililo mgongoni mwa mkufunzi. Mgeni habebi parachuti yoyote. Mikanda yake hunaswa kwenye mikanda ya mkufunzi sehemu nne, mbili mabegani na mbili kiunoni, kisha huanguka kama mwili mmoja. Maana ya tandem ndiyo hiyo.

Jambo linalopotoshwa ni parachuti ndogo inayotangulia. Hapa Malindi video za kuruka, hasa za Diani, huzunguka sana kwenye simu, na zikifika barazani hakosi mtu wa kusema: "Mwaona? Ya kwanza imekataa, tazama ilivyo ndogo. Ikabidi wafungue ya akiba." Nimeyasikia maneno hayo Shela, nimeyasikia kwenye stendi ya matatu, na sasa nimeyasikia kwa kijana anayejiandaa kwenda kuruka yeye mwenyewe. Mtazamaji akikosea, hakuna kilichoharibika. Lakini anayeruka akiamini hivyo, atafika juu, ataona kitambaa kidogo kinapepea nyuma yao huku ardhi ikizidi kukaribia, na atadhani anakufa. Mtu aliyeshikwa na hofu hiyo hurusha mikono kutafuta cha kushika, na cha karibu kabisa ni mikono ya mkufunzi, ambayo ndiyo inayotakiwa iwe huru.

Parachuti ndogo ile ni breki. Mtu mmoja akianguka kifudifudi, kasi yake hupanda mpaka nguvu ya hewa inayomkinga kutoka chini ilingane na uzito wake, kisha haiongezeki tena. Kwa watu wengi hukomea karibu kilomita 190 hadi 200 kwa saa. Sasa wafunge watu wawili, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Uzito umekuwa maradufu, ila eneo linalopigwa na hewa halikuongezeka kwa kiasi hicho, kwa kuwa wa juu amefichwa na wa chini. Wakiachwa hivyo hivyo, kasi yao hupita kilomita 270 kwa saa. Parachuti kubwa ikifunguliwa kwenye kasi hiyo, mshtuko wake unaweza kuchana kitambaa na kuumiza viungo vya watu.

Kwa hiyo sekunde chache baada ya kutoka mlangoni, akishahakikisha wametulia hewani, mkufunzi huirusha parachuti ndogo kwa mkono. Upana wake ni kama mita moja na nusu, na imeunganishwa na begi kwa ukanda mrefu. Nahodha anayesukumwa mno na upepo wa nyuma huweza kuburura kamba nene nyuma ya chombo ili kisimkimbie. Kazi ya parachuti hii ni ya namna hiyo. Huwarudisha wawili hao kwenye kasi ya mtu mmoja, na kuwashikilia wasipinduke. Haikukusudiwa kuwatua, wala hakuna anayening'inia chini yake. Inapoonekana ndogo, ni kwamba ndivyo ilivyoshonwa.

Ina kazi ya pili, na hii watu wengi hawaijui kabisa. Wakifika karibu mita 1,500 kutoka ardhini, mkufunzi huvuta kishikio. Parachuti ndogo huachiwa kutoka pale iliposhikiliwa, na kwa nguvu ile ile ya upepo hulivuta pini la begi, kisha huutoa mfuko wenye parachuti kubwa. Yaani ile inayosemwa "imekataa" ndiyo inayoifungua kubwa. Vifaa vya kuruka wawili vilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanaotajwa zaidi katika kazi hiyo ni Bill Booth na Ted Strong.

Ya akiba ni parachuti nyingine kabisa, ya tatu, na haihusiani na hizo mbili. Imekunjwa na fundi mwenye leseni, ikafungwa kwa lakiri, ikawekwa katika chumba chake chenyewe ndani ya begi lile lile. Kubwa ikiwa na kasoro, mkufunzi huikata kwanza iondoke, ndipo hufungua ya akiba, ili zisije zikasokotana. Zaidi ya hapo kuna kifaa kidogo kinachopima shinikizo la hewa: kikiona watu wangali wanaanguka kwa kasi kubwa wakiwa karibu mita 600 juu ya ardhi, huifungua ya akiba chenyewe, bila kungoja mkono wa mtu.

Mengine anayopaswa kuyajua anayekwenda mara ya kwanza ni mepesi zaidi. Ndege huchukua robo saa au zaidi kupanda hadi mita 3,000 au 4,000. Mlangoni utaambiwa ukae kama upinde, kiuno mbele, kichwa nyuma, miguu imekunjwa kurudi nyuma, mikono imeshika mikanda kifuani mpaka uguswe bega. Tumbo halipandi kooni kama watu wanavyodhani, kwa sababu ndege tayari inakwenda mbio na upepo unakupokea mara moja. Utasikia mvuto mdogo mapema: hiyo ni breki. Utaendelea kuanguka, na ni sawa kabisa, kama dakika moja au chini yake. Kisha utakuja mvuto mkubwa, miguu itashuka, mikanda itabana mapaja, na kelele ya upepo itakatika. Kuanzia hapo mnaweza kuzungumza dakika tano au sita hadi chini. Masikio yakiziba, meza mate. Wakati wa kutua inua miguu, mkufunzi ndiye atakayetangulia kugusa ardhi.

Kwa watu wa huku kwetu naongeza moja. Ukiwa umezamia na mtungi kwenye miamba ya hifadhi ya bahari, usipande ndege siku hiyo hiyo. Shauri linalotolewa kwa wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa, kwa sababu ya naitrojeni iliyobaki mwilini.

Basi ndugu zangu wa barazani, video nyingine ikiletwa, tazameni wakati na mahali. Inayotoka sekunde chache tu baada ya mlango, ikabaki nyuma yao muda wote wa kuanguka, ni breki. Akiba ingekuwa imefunguliwa baada ya kubwa kuwa na kasoro, kwa kawaida mngeiona ile kubwa imekatwa, inapeperuka peke yake mbali nao.