Je, wajua "Super 150s" kwenye lebo ya suti inapima nini?

Fungua koti la suti utazame karibu na mfuko wa ndani, au angalia mkono wa koti ambalo bado liko dukani. Mara nyingi utakuta lebo ndogo imeandikwa Super 100s, Super 120s au Super 150s. Namba ikipanda, bei nayo hupanda, na mnunuzi huondoka na imani mbili: kwamba namba hiyo inahesabu nyuzi, na kwamba kubwa ndiyo bora. Zote mbili si kweli. Ya kwanza haina madhara makubwa. Ya pili hula fedha, kwa sababu mtu mwenye bajeti ya kawaida hujibana mpaka aipate namba ambayo haikukusudiwa mtu mwenye suti moja ya kuvaa siku tatu kwa wiki.

Imani ya kuhesabu nyuzi inaeleweka, maana kwenye shuka ndivyo ilivyo: lebo ya shuka hutaja nyuzi zilizomo katika inchi moja ya mraba. Suti ina hesabu nyingine kabisa. Namba ya Super inapima unene wa unywele mmoja wa sufu, kabla haujasokotwa kuwa uzi na kabla uzi haujafumwa kuwa kitambaa. Haisemi kitambaa kina uzito gani. Haisemi kimefumwaje. Haisemi kama kola italala vizuri shingoni, wala kama bitana imeshikizwa na mtu aliyekuwa na haraka. Vitambaa viwili vya Super 120s vinaweza kutofautiana kama blanketi na leso, na lebo zao zikawa sawasawa. Wengine hudhani 150 ni gramu, au daraja fulani la kiwanda. Hapana, ni unene wa unywele tu.

Chanzo cha namba hizi ni Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Wasokotaji wa huko waliipima sufu kwa swali moja: ratili moja ya sufu iliyochanwa itatoa mafungu mangapi ya uzi, kila fungu likiwa na urefu wa yadi 560? Sufu ya 60s ilitoa mafungu 60, yaani zaidi ya kilomita 30 za uzi kutoka gramu 454. Kwa hesabu hiyohiyo, sufu ya 100s ingefika kilomita 51. Herufi "s" iliyobaki mwishoni ni alama ya wingi ya Kiingereza, si kipimo.

Siku hizi hakuna anayevuta uzi ili kujua. Unywele hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za milioni moja za mita. Kwa kanuni za IWTO, shirika la kimataifa la sekta ya sufu, Super 100s haipaswi kuzidi mikroni 18.75. Kila namba ikipanda kwa 10, unene hushuka kwa nusu mikroni: Super 120s ni 17.75, Super 150s ni 16.25. Marekani iliviingiza vipimo hivi katika sheria yake ya lebo mwaka 2006. Tofauti ya 100s na 150s, ambayo bei huitangaza kwa sauti kubwa, ni mikroni mbili na nusu. Unywele wa kichwani mwa binadamu una mikroni kama 70.

Mikroni mbili na nusu zitaleta tofauti gani? Nyingi kuliko unavyodhani. Chukua kijiti chenye unene wa kidole, na kingine chenye nusu ya unene huo, vyote vya mti mmoja na urefu mmoja. Ukivipinda, chembamba hakitakuwa rahisi mara mbili tu. Kitakuwa rahisi mara 16, kwa sababu ukaidi wa kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Sasa rudi kwenye sufu. Kutoka mikroni 18.75 hadi 16.25, unene umepungua kwa asilimia 13 hivi, lakini ukaidi wa kupinda umeshuka kwa asilimia 44 hivi. Ndiyo maana kitambaa cha 150s huteleza mkononi kama hariri. Ndiyo maana pia, ukiinuka baada ya kukaa saa mbili, mikunjo ya nyuma ya magoti hubaki ikikutazama: unywele uliokubali kupinda bila ubishi hauna nguvu nyingi ya kujinyoosha. Ulaini uliolipia na mikunjo inayokuudhi vimetoka mahali pamoja.

Kisha kuna msuguano. Fikiria kamba inayopita juu ya ukingo wa jiwe. Haikatiki kwa mkupuo. Nywele zake hukatika mmojammoja, na wenye mwili mdogo hutangulia. Unywele wa 150s una mwili pungufu kwa robo ukilinganisha na wa 100s. Jiwe katika suti ni kiti, ukingo wa meza, mkanda wa begi begani, na zaidi ya yote mapaja yanayosuguana katika kutembea. Suruali ndiyo hufa kwanza, karibu kila mara, na hufia kwenye msamba.

Hata hivyo, unywele mwembamba si dhaifu katika kila hali. Katika uzi wenye unene uleule, nywele nyembamba huingia nyingi zaidi na hushikana vizuri, na uzi wenyewe unaweza kuwa imara sana. Tatizo ni kwamba viwanda huinunua sufu nyembamba hasa ili kusokota uzi mwembamba na kufuma kitambaa chepesi. Super 150s ya gramu 300 kwa mita inaweza kudumu kuliko Super 100s ya gramu 220. Kwa hiyo uzito una mengi ya kukuambia kuliko namba, na ajabu ni kwamba uzito ndio usioandikwa kwenye suti nyingi zilizo tayari.

Ukinunua kitambaa ukampelekee fundi cherehani, uliza gramu. Kwa suti ya kazi, Super 100s hadi 120s yenye gramu 260 hadi 310 kwa mita ni eneo salama. Hakikisha ni mita ya urefu, upana ukiwa kama sentimita 150, kwa maana wauzaji wengine hutaja mita ya mraba: gramu 280 za kwanza ni sawa na 187 za pili. Uliza pia kama uzi ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana). Penye joto, kitambaa cha uzi uliosokotwa kwa nguvu na kufumwa wazi hupitisha hewa na hujinyoosha chenyewe. Namba kubwa ya Super haina dawa ya jasho.

Kwa suti iliyo tayari, tumia mikono. Finya mkono wa koti kwenye ngumi kwa sekunde 10, uachie. Mikunjo ikiwa bado imekaa imara baada ya dakika moja, ndivyo utakavyoonekana saa nne asubuhi. Inua makalio ya suruali mbele ya taa. Mwanga ukipenya kwa urahisi, iache. Fedha utakayookoa kwa kuikwepa 150s inatosha, mara nyingi, kununua suruali ya pili ya kitambaa kilekile na kumlipa fundi abane kiuno na kurekebisha urefu wa mikono. Mabega usimwachie: yakizidi, kuyarekebisha kunataka mikono ing'olewe na kushonwa upya. Suti yenyewe ipumzishe saa 24 kwenye henga pana kati ya siku moja na nyingine, ili unyevu utoke na sufu irudi umbo lake.

Kuna pia lebo za uongo. Jina "Super" lilikusudiwa sufu halisi, lakini si ajabu kulikuta limeshonwa kwenye poliesta tupu, ambayo haina kondoo wa kupimwa. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani la suruali, uushike kwa kibano na kuusogeza kwenye moto. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko wa viwili hivyo hutoa harufu ya kwanza na kishanga cha pili, na hapo ndipo unaporudi kusoma ile lebo nyingine, ndogo na nyeupe, yenye asilimia.