Sheria hii ilitoka wapi? Maktaba ya Bunge na namna ya kuifuatilia sheria

Mtu akisikia "maktaba ya Bunge" huona makabati ya vitabu vya sheria na mkutubi mwenye miwani akinyamazisha watu. Vitabu vipo, na miwani nayo ipo. Lakini kinachotafutwa hasa pale ni jibu, tena jibu lenye saa yake. Kikao cha Bunge la Tanzania huanza saa tatu asubuhi, kwa maswali. Mbunge atakayechangia muswada jioni hiyohiyo hana wiki mbili za kusoma. Anataka kurasa tatu zinazosomeka, na anataka awe na uhakika kwamba akisimama na kunukuu, hakuna atakayenyanyuka kuomba mwongozo kwamba Mheshimiwa amesema uongo.

Tuchukue mfano. Mbunge anauliza: ilikuwaje Sheria ya Ndoa ikaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa? Mkutubi hatoi maoni yake kuhusu ndoa. Anaanza kurudi nyuma, hati kwa hati. Kuna Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, ambamo serikali ilitoa mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa badala ya kila dini na kila mila kuwa na utaratibu wake. Kuna muswada uliofuata, mjadala wa wabunge, kisha Sheria Na. 5 ya 1971, ambayo leo ni Sura ya 29 katika mkusanyo wa sheria za nchi. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Cha 17 kikazungumzia ridhaa ya mzazi au mlezi kwa binti ambaye hajafika miaka 18. Halafu inakuja Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Hati hizo zikishapangwa mezani, swali la mbunge linabadilika lenyewe. Haulizi tena "nani aliyeleta jambo hili?" bali "waliokuwa ukumbini mwaka 1971 walikuwa wakijaribu kutatua tatizo gani?" Hapo ndipo mchango bungeni hunoga.

Jibu hilohilo angepewa mbunge wa chama tawala, wa upinzani, anayetaka kifungu kibaki na anayetaka kiondoke. Wakutubi wa mabunge duniani hulishika sana jambo hili, pamoja na lingine: aliyeuliza nini ni siri. Mbunge ana haki ya kuuliza jambo analoona aibu kutolijua. Akihofia kwamba swali lake litafika mezani kwa mpinzani wake, ataacha kuuliza, na ataingia ukumbini na alichokisikia kijiweni.

Marekani waliivuta siri hiyo mbali zaidi. Maktaba ya Congress, yaani ya Bunge lao, ilianzishwa mwaka 1800, ikaunguzwa na askari wa Uingereza mwaka 1814, ikafufuliwa mwaka uliofuata kwa vitabu 6,487 vilivyonunuliwa kwa Thomas Jefferson. Mwaka 1914 kikaundwa ndani yake kitengo cha kuwatafitia wabunge. Ripoti zake zililipiwa na walipa kodi, lakini ilipita zaidi ya karne moja kabla ya sheria kuagiza, mwaka 2018, kwamba ziwekwe wazi kwa umma. Kwa maoni yangu walichelewa mno. Swali la mbunge linastahili siri. Utafiti wa jumla kuhusu bajeti au maji haustahili.

Kwetu Tanzania, hazina kubwa iliyo wazi kwa mwananchi ni Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge. Wengi hawaisomi kwa sababu inaonekana ndefu, na kweli ni ndefu. Ila ina jambo ambalo sijui kama tunalithamini. Kwa miongo mingi sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza huku zikijadiliwa kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kwa hiyo waziri aliyeleta muswada wa Kiingereza alilazimika kusimama na kuueleza kwa lugha ambayo mama ntilie angeielewa. Maelezo hayo yamo ndani ya Hansard, neno kwa neno. Ukitaka kujua serikali ilisema kifungu fulani kina maana gani, kwa Kiswahili, anzia hapo.

Namna ya kuisoma si ngumu. Jua kwanza kwamba mkutano na kikao ni vitu viwili: mkutano ni kipindi kizima, kama ule wa bajeti unaoanza Aprili, na kikao ni siku moja ndani yake. Ukikosa namba hizo utazunguka sana. Kisha usisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa muswada, tafuta pale uliposomwa mara ya pili. Ndipo penye hotuba ya waziri, maoni ya kamati na mjadala. Mbele kidogo Bunge hukaa kama Kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja. Sehemu hii inachosha, lakini ndimo mnamoonekana neno gani lilibadilishwa na nani aliyelipigania. Maneno kama "(Makofi)" na "(Kicheko)" usiyaruke; wakati mwingine yanaeleza hali ya ukumbi kuliko hotuba.

Hansard za miaka ya karibuni zimo katika tovuti ya Bunge. Muswada wenyewe huchapishwa katika Gazeti la Serikali, ukiwa na maelezo ya madhumuni na sababu mwishoni. Hukumu za mahakama za juu nazo zinasomeka bure mtandaoni. Haki ya kupata taarifa imo katika ibara ya 18 ya Katiba, na tangu 2016 ina sheria yake.

Ukikwama, mwone mkutubi, hata wa maktaba ya mkoa wako. Usimwambie "nataka habari za ardhi". Mpe jina la sheria. Kama hulijui, mpe mwaka na wizara iliyowasilisha muswada. Kwa hivyo viwili tu ana pa kuanzia.