Pedali ya breki ikikaza, usikimbilie kutoa upepo
Wengi huamini kwamba pedali ya breki ikiwa ngumu, mfumo umeingia upepo. Kwa kawaida upepo huifanya pedali iwe laini na kuzama. Ugumu mara nyingi hutoka kwenye busta, lile duara jeusi nyuma ya masta silinda (silinda inayosukuma mafuta ya breki), linalotumia mvuto wa hewa wa injini (kwa dizeli, wa pampu) kuusaidia mguu.

Vuta handibreki, zima injini, kanyaga pedali mara 4 au 5 hadi ikaze, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta inasaidia. Isiposhuka, anza kukagua mpira wa hewa unaoingia kwenye busta na valvu yake. Mpira uliopasuka ni nafuu kuliko busta nzima, na pengine utausikia ukifyonza hewa. Gari lisitoke kabla halijatengenezwa.