Kuzamia kwa kundi Mafia: mwendo uwe wa mgeni

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania. Watalii wengi huzamia humo kwa makundi, wakiwa na mitungi ya hewa, na sisi wa uhifadhi tuna ombi moja kwa viongozi wao: safari ipangwe kwa uwezo wa mwenye uzoefu mdogo kuliko wote.

Anzeni na maji. Ghuba ya Chole hujaa na kupwa kupitia mlango mwembamba wa Kinasi, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mkondo wake ni mkali mno. Hapo huzamiwa maji yakijaa, yakusukume ndani ya ghuba. Yakipwa hukutoa bahari kuu. Mgeni wa kuzamia apelekwe siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, na mzoefu asione amepunjwa.

Chini, hofu ya mgeni huonekana miguuni. Akifungwa risasi nyingi kiunoni, yaani vipande vya madini mazito vya kumshusha, huzama, akapiga mapezi kwa nguvu ili asiguse mwamba wa matumbawe, na hapo ndipo anapougusa. Tumbawe ni mnyama. Yale ya mviringo, makubwa kama meza, huongezeka takribani sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana Mafia. Inauma kuona lililonusurika likivunjwa kwa teke. Kwa hiyo kundi lipimane uzito juu ya mchanga kwanza. Asiyeweza kuelea katikati ya maji bila kupapatika abaki hapo na msaidizi, bila kuaibishwa.

Kupanda nako ni kwa pamoja. Kwenye mita 10 kanieneo ni maradufu ya lile la juu. Anayezuia pumzi akapanda kutoka hapo, hewa hutanuka hadi mapafu yakachanika. Apumue mfululizo, apande polepole, kisha wote wasimame mita 5 kwa dakika tatu. Wa kwanza kupungukiwa hewa ndiye anayemaliza safari ya wote, hata kama papa amejitokeza dakika hiyo.

Jambo la mwisho husahaulika kwa kuwa hutokea nchi kavu. Wengi huondoka Kilindoni kwa ndege. Baada ya kuzamia mara kadhaa, subirini angalau saa 18 kabla ya kuruka, maana naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kufanya mapovu. Jueni kwanza saa ya ndege, ndipo mpange siku ya mwisho ya kuzamia.