Sindano hukutwa eneo la tukio: insulini na mishipa midogo ya damu

Shangazi yangu alikaa miaka minane na vidonge vya kisukari, akivimeza siku anazojisikia vibaya tu. Alipoandikiwa insulini aligoma. Jirani yetu alikuwa ameanza sindano baada ya Idi, na kabla ya mwaka kwisha akawa haoni. "Ile sindano ndiyo iliyomla macho," alisema shangazi, na mtaa mzima ulikuwa upande wake.

Dhana: insulini inapofusha na kuua figo

Kwa wengi wenye kisukari aina ya 2, sindano hufika nyumba imeshaungua nusu. Tiba huanza na vidonge, na insulini huletwa miaka baadaye, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, likishachoka. Muda wote huo sukari imekuwa kazini kimyakimya. Misuli husubiri insulini iifungulie mlango ndipo iingize sukari. Seli za ndani ya mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ya machujio ya figo hazisubiri: sukari ikijaa kwenye damu, nazo hujaa. Kuta za mishipa hunenepa, huvuja, nyingine huziba. Jicho linalokosa oksijeni huotesha mishipa mipya, laini mno, ambayo siku moja hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Siku hiyo mgonjwa husema "sioni", na sindano ndiyo inayokutwa eneo la tukio.

Ushahidi mzito ulitoka Marekani na Kanada. Kuanzia 1983 hadi 1993 watu 1,441 wenye kisukari aina ya 1, ambayo mwili karibu hautengenezi insulini kabisa, walifuatiliwa, wote wakitumia insulini. Kundi moja lilichoma mara moja au mbili kwa siku, la pili mara tatu au zaidi, au kwa pampu, ili sukari ikaribie kiwango cha kawaida. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, kundi la pili lilipunguza hatari ya retina kuharibika kwa asilimia 76. Insulini ingekuwa sumu ya macho, hao ndio wangetangulia kupofuka.

Lakini mtaa nao haukuzusha tu. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ikishushwa kwa kasi, retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidiwa katika miezi ya mwanzo. Hata kwenye utafiti huo jambo hilo lilionekana, ingawa baadaye waliodhibiti sukari walitoka mbele. Ndiyo maana macho hukaguliwa kabla ya kuanza, na dozi hupandishwa taratibu. Tena kundi la sindano nyingi lilipatwa na sukari kushuka vibaya mara tatu zaidi ya wenzao. Anayekwambia insulini haina hatari yoyote naye hajakwambia kweli.

Dhana: sukari ya asubuhi iko sawa, basi mishipa iko salama

Insulini haishughuliki na sukari pekee. Huiamuru pia mishipa ilegee na kutanuka ili damu ipite, na wakati huohuo ina amri ya pili, ya kuibana. Mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, amri ya kutanua husikika kwa shida, ile ya kubana ikaendelea kusikika. Kongosho hujibu kwa kumwaga insulini zaidi. Hali hiyo huweza kudumu miaka mingi huku mashine ya kidoleni ikionyesha 5.4 na mwenyewe akifurahi. Kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza 1977, zaidi ya theluthi moja ya watu walikuwa na mabadiliko kwenye retina siku wanayoambiwa wana kisukari.

Basi kama insulini nyingi mwilini ni ishara mbaya, ya nini kujiongezea? Swali zuri. Usugu ndio unaoipandisha, na dawa ya usugu ni kupunguza kitambi na kutembea. Utafiti wa ORIGIN uliwapa nusu ya watu 12,537 insulini ya glargine kwa zaidi ya miaka sita. Majibu yaliyotoka 2012 yalionyesha kuwa mshtuko wa moyo na kiharusi havikuongezeka. Uzito uliongezeka kidogo.

Dhana: nikijinyima siku mbili kabla ya kliniki, daktari hatajua

Atajua. Kipimo cha HbA1c, kile cha miezi mitatu, husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, nazo huishi siku 120 hivi. Ila mwenye selimundu amwambie daktari mapema, kwani chembe zake hufa haraka na kipimo huweza kusoma chini kuliko hali halisi.

Dhana: ningekuwa naumia ningehisi

Retina haiumi. Figo nayo huanza kwa kuvujisha protini kidogo kwenye mkojo, na huo mkojo unaonekana wa kawaida kabisa.

Mwishowe shangazi alikubali kwenda kuangaliwa macho. Alitiwa matone, mboni zikapanuka, tukakaa kwenye benchi akilalamika mwanga. Daktari akamsimulia kuhusu wale watu 1,441: baada ya 1993 sukari za makundi yote mawili zilikuja kulingana, lakini zaidi ya miaka kumi baadaye waliodhibiti mapema bado walikuwa na macho na figo zenye nafuu. Mishipa ilikuwa imeweka kumbukumbu.

"Kwa hiyo miaka yangu ile minane nayo imeandikwa?" shangazi akauliza.

Daktari akasogeza mashine. "Weka kidevu hapa, mama. Tuisome."