Pua Haikimbii: Dhana Potofu Kuhusu Neno "Run"

Mwanafunzi wangu mmoja wa masomo ya jioni aliwahi kuitafsiri sentensi "we have run out of milk" hivi: "Tumekimbia nje ya maziwa." Darasa zima lilicheka, naye akanuna. Simlaumu. Alifanya kama alivyofunzwa tangu shule ya msingi, kwamba run ni kukimbia, basi.

Dhana: Run ni kukimbia kwa miguu, na matumizi mengine ni mafumbo tu.

Ukweli: Tangu Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno hili lilitumika kwa maji kama lilivyotumika kwa miguu. Ndugu yake wa Kijerumani, rinnen, mpaka leo maana yake ni kutiririka au kuchuruzika, na mbio hazimo kabisa. Kwa hiyo Mwingereza akisema "my nose is running", hafananishi pua yake na mwanariadha. Anasema kamasi zinamtoka. Mto nao una-run, nta ya mshumaa ina-run, na kitenge kinachochuja rangi ndani ya beseni, rangi yake ina-run vilevile. Kinachoviunganisha vyote ni mwendo usiokwama.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wenye lugha ya minyambuliko tunaweza kulishika haraka. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana: kimoja cha kitu kwenda chenyewe, kingine cha kukifanya kitu kiende. Ni kama kwenda na kuendesha, au kutiririka na kutiririsha. Sisi bado tunavitenganisha. Wao waliviacha vikayeyukiana vikawa run. Ndiyo maana "the engine runs" ni injini inafanya kazi, na "she runs the company" ni anaendesha kampuni. Ukijiuliza tu kama kitu kinakwenda chenyewe au kuna anayekiendesha, nusu ya kazi ya kutafsiri imekwisha.

Dhana: Neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni set.

Ukweli: Lilikuwa. Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi set kilikuwa na maana 430, na maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi. Wahariri walipofika kwenye run katika kuandaa toleo la tatu, mmoja wao, Peter Gilliver, alilishughulikia neno hilo moja kwa takriban miezi 9. Habari zilipotoka mwaka 2011, kitenzi run kilikuwa na maana 645. Mashine zilichangia sana: treni, saa, injini, mitambo ya viwandani, na baadaye programu za kompyuta, vyote vilihitaji kitenzi cha kusema vinafanya kazi, na run lilikuwa karibu.

Hata hivyo, namba hizo usizichukue kama matokeo ya mechi. Hesabu hutegemea kisu cha mhariri. Mmoja atatenganisha maji ya mto na maji ya bomba, mwingine ataviacha pamoja.

Dhana: Bila kuzikariri maana zote za run hutakijua Kiingereza.

Ukweli: Hata Mwingereza hazijui zote. Yeye hutazama majirani wa neno: ni nini kina-run, na ni kineno gani kinafuata. Run out of ni kuishiwa. Run over ni kugonga mtu kwa gari. Run into ni kukutana na mtu bila kutarajia, ingawa gari liki-run into ukuta, limeugonga. Run for ni kugombea. Rudi kwenye maziwa ya mwanafunzi wangu: Kiswahili hakimpeleki mtu popote. Kinachokwisha ni maziwa, mtu anaishiwa.

Majirani hao wakikosekana, hata nomino inapotosha. Kwa bwana shamba, run-off ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama. Kwa mwandishi wa habari za siasa wa Nairobi, ni duru ya pili ya uchaguzi wa rais, ile ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka ifanyike ndani ya siku 30 mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura. Neno moja, lakini huwezi kuyachanganya ukishajua nani anazungumza.

Dhana: Lugha yetu haina maneno ya namna hii.

Ukweli: Hii huniudhi kidogo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga chafya, tunapiga magoti, tunapiga soga, na hakuna aliyeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akidhani piga ni kuchapa tu, anateseka kama sisi tunavyoteswa na run.

Ila tusichanganye na paa. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba ni maneno tofauti yaliyofanana sura, na kamusi huyapa vidahizo tofauti, yaani kila moja huorodheshwa peke yake. Run ni kitenzi kimoja kilichotanda.

Dhana: Wenye Kiingereza wote hulitumia sawasawa.

Ukweli: Mwanasiasa wa Marekani "runs for office", mwenzake wa Uingereza, kwa kawaida, "stands for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na kwa Kiswahili wote wanagombea. Na soksi ndefu za kike zikiachia uzi mstari mzima, Mmarekani huuita mstari huo run, ilhali London wanauita ladder, yaani ngazi.